Pishi Kumi na Sita

Mwera, Jumatano, 2 Machi 1955

Daftari hili nimepewa na Eliudi, dresa wa zahanati, anayekuja na baiskeli kila Jumatano. Kaniambia, "Bi Saleha, wewe umesoma mpaka darasa la nne, basi andika. Kila ukimgeuza mgonjwa andika, na kila ukiosha kidonda andika kikoje." Nimeahidi.

Leo nimemgeuza mara saba. Kidonda ni kimoja, kiunoni, upana wa senti tano.

Alhamisi, 3 Machi

Mara saba. Kidonda vilevile.

Ijumaa, 4 Machi

Mara saba. Mvua hakuna, jua kali la kukaanga yai kwenye jiwe.

Jumamosi, 5 Machi

Kuandika mara saba, mara saba kila siku kunanichosha kuliko kugeuza kwenyewe. Karatasi ziko nyingi na dresa hatazisoma zote. Nitaandika na yangu.

Mume wangu ni Miraji, mkwezi wa minazi. Kinywani simtaji jina, namwita bwana kama nilivyofundwa, lakini karatasi haina masikio. Mwezi wa Januari alianguka kutoka mnazi aliokuwa akiukwea miaka kumi na mmoja. Kisa kuti bovu, basi. Alilazwa wiki tano, kisha wakanirudishia mtu ambaye juu ya kitovu ni Miraji yuleyule, mabega yake na ubishi wake, na chini ya kitovu hana habari na miguu yake.

Kumgeuza naweza, navuta shuka kama nilivyoonyeshwa. Kumwinua siwezi. Kila asubuhi wanakuja Zubeiri na Idarusi, wakwezi wenzake, wanamnyanyua mpaka msalani, wanamwogesha, wanamweka kwenye kiti. Mimi huingia chumba cha pili, nikateremsha pazia, kwa kuwa si vizuri mke kusimama pale wanaume wakimshika mumewe akiwa uchi. Nasikia sauti zao tu. "Haya, moja, mbili, hooo!" Wanaguna kama wanasukuma gari.

Leo walichelewa hadi saa nne, tajiri wao aliwahitaji shambani. Miraji alikuwa amejichafua tangu alfajiri. Nilifuta nilivyoweza, lakini amelalia palepale, nami nimesimama na kitambaa mkononi, siwezi kumtoa. Akaniambia, "Funga mlango, Mwana Saleha, nzi wasiingie." Ndivyo tu. Nilikwenda kulia jikoni, kwa hasira si kwa huruma.

Jumatatu, 7 Machi

Amekuja shemeji Hatibu, kaka mkubwa wa Miraji, kutoka Ushongo. Nikamwamkia, nikamwekea kahawa. Hakuinywa.

"Shemeji," akasema, "nitanena, na usinichukulie vibaya. Mwanamke hambebi mwanamume. Zubeiri na Idarusi wana nyumba zao. Leo watakuja, kesho watakuja, keshokutwa watachoka, nao ni binadamu. Kwangu vijana wako wanne, na mama analia kila siku amwone mwanawe. Nitamchukua."

"Na mimi?"

"Wewe umechoka. Rudi Nguvumali kwa kaka yako upumzike. Na Mungu akijalia..." Alimaanisha mume mwingine, na mtoto. Sina mtoto mikononi. Wawili tuliojaliwa wamelala makaburini hapahapa Mwera, na Hatibu mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea wa pili. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumjibu.

Miraji akasema kitandani, "Kaka, mimi si gunia la mbata, nisemewe nikalale ghala gani."

"Basi nani atakubeba?"

Nikasikia mtu anasema, "Mimi." Kumbe ni mimi mwenyewe.

Hatibu alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Akasema, "Idi ikipita nitakuja. Nikikukuta unamtoa kitandani peke yako, unamfikisha barazani kwenye kiti, wallahi sitanena tena. Usipoweza, naondoka naye siku hiyohiyo." Akampa mdogo wake mkono, akaenda zake.

Idi ni mwezi wa Mei. Kidonda kimeongezeka kidogo.

Jumanne, 8 Machi

"Umesema neno kubwa," Miraji kaniambia asubuhi.

"Neno limeshatoka, bwana. Nifanyeje?"

Akanitazama, macho yake yakawa yale ya zamani, ya kuchokoza. Akaniuliza kama najua uzito wake. Nani asiyeujua? Mwaka jana walipimana wote kwenye mizani ya tajiri wa mbata, na aliporudi aliwatangazia mpaka kuku: ratili mia na sitini, kikoi kiunoni tu.

Akamtuma Zubeiri kwa tajiri na pishi moja, yaani vibaba vinne, ya mchanga mkavu ikapimwe. Ikaja ratili kumi. "Basi mimi ni pishi kumi na sita," akasema Miraji. "Haba na haba hujaza kibaba, lakini sisi hatuna wakati wa vibaba. Utabeba mchanga kwa pishi. Tunaanza na sita, na kila Ijumaa unaongeza moja. Ukifika kumi na sita, utakuwa umenibeba."

Nikamwambia si mchezo huo, nianze kumjaribu yeye mwenyewe. Akakataa kwa ukali. "Usinijaribu mimi! Mkwezi hajifunzi kwenye mnazi mrefu. Mpaka kumi na sita zitimie, usinitie mikono yako chini."

Jumatano, 9 Machi

Gunia lina pishi sita. Limenishinda.

Mimi, ninayepanda kutoka kisimani na debe la maji kichwani bila kulishika! Lakini debe mtu hutwishwa na mwenzake, tena likikaa limekaa. Gunia la mchanga halina mshiko. Ukilivuta huku linamwagikia kule, kama mtoto asiyetaka kubebwa.

Miraji ameamuru kitanda chake kisogezwe dirishani aone ua. Ananifundisha kwa kelele. "Usiiname! Ukiinama unabeba kwa mgongo, na mgongo ukivunjika unaniona mimi nilivyo. Chuchumaa. Mkwezi hakwei kwa mikono, hukwea kwa miguu. Likumbatie. Karibu na kifua, lisiwe mgeni. Jifunge kibwebwe, shusha, kaza. Sasa sema Bismillahi, uzuie pumzi, usimame."

Nilisimama nusu, nikaangukia matako. Alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka tangu Januari.

Alhamisi, 10 Machi

Mapaja yananiuma, siwezi kukaa wala kuinuka. Nimeswali kwa tabu.

Jumamosi, 12 Machi

Nimeinua sita! Nimehesabu mpaka tano nikaliachia. Kelele dirishani, "Usitupe! Ungekuwa umenitupa mimi. Kuweka chini ni kazi kuliko kuinua." Kwa hiyo kila siku ni mara kumi: inua, hesabu mpaka kumi, weka chini taratibu.

Ijumaa, 18 Machi

Saba. Mvua za kwanza zimenyesha jana.

Jumanne, 22 Machi

Jirani yetu Mwanamkasi amechungulia juu ya ua wa makuti akanikuta nimekumbatia gunia, jasho linanitiririka. Akarudi ndani kwake. Jioni habari zilikuwa zimeshafika kisimani kwamba mke wa Miraji kapandwa na jini la kihamali. Wameniuliza kama linataka ubani au linataka mkokoteni.

Nikamfuata mlangoni kwake. "Dada Mwanamkasi, ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini, mwenzangu? Mwanamke na misuli, tumbo litashika mimba kweli?"

Nilimwambia kuwa mimba haishiki kwa kusemwa wala haitoki kwa kusemwa, nikaondoka. Sikulala vizuri. Nina miaka thelathini na mbili.

Ijumaa, 25 Machi

Nane, kwa shida.

Jumatatu, 28 Machi

Tunakula sinia moja kama siku zote, lakini amezua desturi mpya. Anasukuma samaki upande wangu, kisha anasukuma na wali. "Kula. Mimi nimelala tu, nguvu za kwendea wapi? Anayebeba ndiye anayekula." Nakataa mara ya kwanza, mara ya pili nakula. Tena nakula kwa uroho, nikiri. Mchanga unatia njaa ambayo sikupata kuijua.

Ijumaa, 1 Aprili

Nane tena. Kidonda cha kiunoni hakifungi, na kimetokea kingine kisigino cha kushoto.

Jumatano, 6 Aprili

Kumgeuza sasa ni rahisi kabisa. Zamani nilivuta shuka mpaka nikatweta, leo nimevuta kwa mkono mmoja huku nimeshika taa kwa mwingine. Nguvu zinaingia! Nimemwambia Miraji, akaniambia, "Umeona?" akageukia dirishani.

Ijumaa, 8 Aprili

Tisa. Nimeinua mara tatu tu, lakini nimeinua. Miraji akanisifu kwa sauti mpaka Mwanamkasi asikie, mara ya nne likaniponyoka likapasuka mshono. "Ndiyo yale," akasema. "Mgema akisifiwa."

Jumatano, 13 Aprili

Masika imekaza, siku ya tatu haikatiki. Gunia limenishinda. Tisa ileile ya Ijumaa haitoki ardhini.

Alhamisi, 14 Aprili

Haitoki.

Ijumaa, 15 Aprili

Haitoki. Nimepunguza moja, bado haitoki. Nimekaa juu ya gunia kwenye mvua nikalia waziwazi. Nikawaza labda wanayosema kisimani ni kweli, mwili wa mwanamke una kikomo na mimi nimekifikia kwenye pishi ya tisa. Hatibu atakuja na vijana wake, watamtoa mlangoni mbele yangu, na mimi nitakunja nguo zangu niende Nguvumali kwa wifi asiyenipenda.

Miraji alinitazama dirishani akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, "Gunia linalala wapi?"

"Hapo hapo uani."

"Na mvua?"

Nikamwangalia. Akatikisa kichwa. "Mke wangu, mchanga umekunywa maji siku tano. Hizo si pishi tisa, ni kumi na kitu. Umejipima kwa mzigo uliobadilika na wewe hukuuangalia." Akacheka, lakini mara hii hakucheka sana.

Mchanga nimeuanika jikoni juu ya jamvi. Mpumbavu mimi.

Jumatatu, 18 Aprili

Mchanga mkavu. Tisa, mara kumi zote. Nikaongeza moja bila kungoja Ijumaa. Kumi, mara mbili!

Jumatano, 20 Aprili

Eliudi amekuja kaloa chapachapa. Ameosha vidonda, sasa ni vitatu. Akanitoa barazani. "Anakula?"

"Anakula. Sinia linarudi tupu."

"Homa?"

"Jioni jioni kidogo."

Alinitazama, akataka kusema, kisha akaitazama mikono yangu akaniuliza habari za mchanga. Zimefika mpaka zahanati! Nikamwambia kumi. Akasema, "Hongera, mama," akapanda baiskeli yake.

Jumapili, 24 Aprili

Mwezi umeandama jana, leo tumefunga. Nimemwambia Miraji mgonjwa hana lazima. Kanijibu, "Nimelala kutwa kama sultani. Hii ndiyo kazi ya kunizuia nisifunge?" Ubishi wake naujua. Nimemwacha.

Ijumaa, 29 Aprili

Nabeba baada ya kufuturu. Kumi tu. Saumu na mchanga havipatani.

Jumanne, 3 Mei

Mwanamkasi kapita na mvua, kaketi kizingitini. Kisha katoa kanga kuukuu ya kitambaa kizito. "Ya kujifungia kibwebwe. Hiyo yako nyepesi, itakuumiza kiuno." Akaniambia kuwa mumewe alipougua ile ndui, yeye alimwacha mikononi mwa shemeji zake, na akafa chumba cha pili huku yeye anasubiri aitwe. "Nikakuona na lile gunia lako nikachukia, sikujua nachukia nini."

Nimeivaa kanga yake. Kweli inashika.

Ijumaa, 6 Mei

Kumi na moja.

Jumanne, 10 Mei

Harufu ya vidonda imezidi. Nimechoma ubani. Miraji amelala mchana kutwa.

Ijumaa, 13 Mei

Kumi na moja, mara saba. Nahesabu siku: kumi na moja mpaka Idi. Haziwezi kutosha kwa pishi tano. Nimemwomba aniruhusu nimjaribu yeye, hata mara moja, nijue. Amenishika mkono wangu, mkono wake moto, akasema, "Kumi na sita, Mwana Saleha. Tulikubaliana."

Tukazungumza kidogo kuhusu Ushongo. Akaniambia, "Sikatai kwa kaka. Pazuri, na mama yupo. Lakini nikifia kule nitazikwa kule, na watoto watabaki hapa peke yao." Nikamwambia aache maneno ya kufa mwezi mtukufu.

Ijumaa, 20 Mei

Kumi na mbili. Mara moja.

Jumanne, 24 Mei

Idi. Nimepika wali wa nazi na kuku mmoja. Zubeiri na Idarusi walimvalisha kanzu nyeupe, nikatoka nyuma ya pazia nikamkuta kitini. Kanzu ile niliishona mwenyewe, leo imemwangukia mabegani kama imetundikwa. Nimeona. Nilisema moyoni ni saumu, atakula sasa.

Alhamisi, 26 Mei

Nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Hatibu kaja asubuhi na vijana wake wanne na machela. Nyuma yao jirani wote, kwa kuwa Mwera hakuna siri. Zubeiri na Idarusi wakasimama pembeni ya mlango. Mwanamkasi alikuja moja kwa moja kwangu, akanizungushia kibwebwe, akakaza kwa goti kiunoni kama anafunga mzigo wa kuni.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba. Tulikubaliana, shemeji."

"Zimebaki pishi nne," nikasema. Hakunielewa.

Miraji akaita kutoka ndani, "Ziache zile nne. Njoo."

Niliingia. Nikachuchumaa kando ya kitanda, mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti. Ni mara ya kwanza tangu Machi kupitisha mikono yangu chini yake. Akanizungushia mikono shingoni. Pumzi yake ilikuwa moto. Akaninong'oneza, "Karibu na kifua. Nisiwe mgeni."

Nikasema Bismillahi, nikazuia pumzi, nikasimama kwa nguvu zote nilizo nazo, nguvu za pishi kumi na mbili na za woga.

Nikarudi nyuma hatua mbili nikagonga ukuta. Hakuwa na uzito. Nilijitayarisha kwa mtu, nikanyanyua nguo. Mimi naujua uzito, miezi mitatu sikujua kingine. Nane naijua, tisa naijua, kumi naijua mifupani. Miraji hakufika tisa.

Nikamtazama. Naye akanitazama, karibu hivyo, akasema polepole, "Tembea, mke wangu. Wanangoja."

Nikatembea. Nikatoka naye mlangoni mpaka barazani na watu wakapiga kelele, Mwanamkasi akapiga vigelegele, vijana wa Ushongo wakaweka machela chini. Hatibu alivua kofia yake. Alisema, "Subhanallah! Shemeji, nimeshindwa." Machozi yalikuwa yanamtoka, akadhani na mimi nalia kwa furaha.

Kiti kilikuwa mbele yangu na sikumweka. Nilisimama nimemshika. Watu wakazidi kushangilia, ati tazama, hata hachoki. Nilijua nikimweka chini itabidi nijue ninachokijua. Nikatazama upande wa Idarusi, nikaona anaangalia miguu yake.

Ijumaa, 27 Mei

Hatibu amekwenda zake ameridhika, kaniachia baraka zote.

Nimemuuliza Miraji. "Idarusi alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne. Zubeiri aliacha kuja, tajiri kampeleka shamba la mbali. Idarusi akija peke yake ananinyanyua peke yake. Kwa Idi tu ndipo walikuja wote."

"Nilikuwa nasikia wanaguna!"

"Nilimwambia agune kwa wawili."

Nilikuwa nyuma ya pazia langu, kwa adabu, nimeinamisha kichwa. Mtu mmoja anamwinua mume wangu kama mkeka na anaguna ili mimi nisijue. Na samaki aliyekuwa akinisukumia, nimemla mimi. Na siku nilipomvuta kwa mkono mmoja nikaandika humu kwamba nguvu zinaingia! Nimeufungua ukurasa ule nikausoma. Mchanga ulipokunywa maji nilijua ndani ya siku tatu. Mume wangu ameyeyuka karibu yangu miezi mitatu, nikajisifu.

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele maishani. Nikamwambia amenifanya mjinga, amenifanya nimle. Alingoja mpaka nikamaliza, kama siku ile ya mvua.

"Ningekwambia napungua," akasema, "ungekaa ungoje nipungue. Mchanga usingeushika. Kaka angenikuta na wewe huna nguvu na mimi sina maneno." Akapumzika. "Tena nilitaka uniinue mimi. Mimi wa kwenye mizani. Si haya makapi."

"Sikufika."

"Umefika kumi na mbili. Zimebaki nne."

Jumatano, 1 Juni

Eliudi kasema vidonda vimeingia ndani, damu imechafuka. Kaniambia kwa upole na kwa ukweli. Hospitali Miraji hataki. Asubuhi nambeba msalani, namwogesha, namtoa barazani, namrudisha. Pazia nimeliondoa kabisa nikalikunja. Idarusi akija anakuja kuzungumza tu.

Jumamosi, 4 Juni

Amekunywa uji vijiko vitatu.

Jumatatu, 6 Juni

Mvua zimekatika. Nimembeba mpaka njia ya makaburini, akataka. Watu walitupisha. Nilisimama naye pale ukingoni, watoto mbele yetu, mpaka akasema turudi. Mikono haikuchoka. Laiti ingechoka.

Alhamisi, 9 Juni

Innalillahi. Alfajiri, kabla ya adhana.

Jumapili, 12 Juni

Naandika ya Alhamisi, kwa kuwa sitaki kuyasahau.

Hatibu alifika saa tatu. Walikuwa wamechimba ufuo chumbani, wa maji ya kuoshea kupita, na kitanda kimetegwa juu yake. Wanaume wakaingia. Nikamwambia mwalimu wa msikiti kuwa nataka kumwosha mimi. Akasema, "Mke ana haki hiyo, hakuna wa kukuzuia." Wakatoka, akabaki Hatibu kunisaidia na mwalimu mlangoni wa kuelekeza.

Ikafika kumhamisha kutoka kitanda chake. Hatibu akaenda miguuni ashike. Nikamwambia, "Acha, shemeji." Akaacha. Nilichuchumaa. Shingoni sikushikwa na mtu. Nikamweka karibu na kifua, nikasimama, nikamlaza juu ya ufuo taratibu sana, maana kuweka chini ni kazi kuliko kuinua.

Hatibu alimimina maji na mimi nikaosha. Alizikwa kabla ya adhuhuri, upande wa kulia wa watoto. Hayo Hatibu ndiye aliyenieleza.

Jumanne, 21 Juni

Nimekaa eda. Mwanamkasi analeta maji. Kaka kanitumia salamu kutoka Nguvumali kwamba eda ikiisha chumba kipo. Sijajibu.

Ijumaa, 1 Julai

Gunia liko jikoni. Nimeliangalia siku tatu. Leo nimejifunga kibwebwe. Kumi na mbili haikutoka. Kumi ilitoka. Nimelia huku nimeishika.

Ijumaa, 15 Julai

Kumi na mbili.

Ijumaa, 29 Julai

Kumi na tatu. Mwanamkasi kaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa unambebea nani?" Nikamwambia zimebaki tatu. Hakuuliza tena. Alinisaidia kukaza kanga.

Ijumaa, 19 Agosti

Kumi na nne, wiki ya pili. Kipupwe, asubuhi mchanga ni baridi kifuani.

Ijumaa, 9 Septemba

Kumi na tano.

Ijumaa, 30 Septemba

Eda bado wiki mbili na ushei. Kaka nimemwandikia asitunze chumba, eda ikiisha Idarusi atanifundisha kufua nazi, kuzitoa makumbi kwenye kifuo, na tajiri amekubali kunipa kazi.

Leo nimetia pishi ya kumi na sita. Niliipima kwa mkono mwenyewe, mchanga mkavu, nikaufuta ukingo wa pishi usizidi. Nikashona mdomo wa gunia. Nikafungua dirisha lake.

Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili lilitoka likarudi. Nikapumzika, nikachuchumaa tena, nikalikumbatia likanijaa kifua kizima, mabega na mbavu, zito, zito kwelikweli. Bismillahi. Nikasimama.

Nilimshika nikahesabu mpaka kumi. Kisha nikamweka chini, taratibu.